Asaa, Fundi Saa

Mwalimu wa historia alitusomesha, pale Utaani,
kwamba Wayunani, katika miungu yao, astaghfirullah,
walikuwa na mmoja mdogo, Momo, kazi yake kejeli tu.
Wenzake wakachoka, wakamfukuza kileleni.
Darasa zima likageuka kumtazama Hidaya,
maana babu yake Hidaya alikuwa Asaa.

Sisi hatuna kilele. Wete inateremka tu
mpaka bandarini, na katikati ya mteremko
kilikuwa kibanda chake, upana wa kitanda kimoja,
lenzi nyeusi imemganda jichoni,
saa arubaini ukutani, kila moja na madai yake.

Hakuna alichokiona kizima.
Harusi ya Raya binti Nassor, bibi harusi alipotolewa,
piko mpaka viwikoni, asumini shingoni,
hata mahasidi walisema mashallah.
Asaa alikuwa nje na wanaume, nyuma ya ukuta. Hakumwona.
Alimsikia.
"Mitawanda yake," akasema, "yalia kama bata anayedai deni."
Mpaka leo Raya akipita, tunasikia bata.

Kuhusu binadamu alisema:
"Saa ina mfuniko nyuma, unaufungua kwa kucha,
unaona gurudumu lipi linadanganya.
Mtu kashonwa moja kwa moja."
Imamu akamwambia atubu. Akatubu,
kisha akauliza toba ile imekaa upande gani,
maana angependa kuhakikisha.

Hayo tuliyastahamili. La Seif Sleyum, hapana.
Seif karudi Maskati na pesa, kajenga ghorofa,
vigae vya buluu, roshani ya mninga,
kaalika mtaa mzima kwa biriani.
Asaa akala sahani mbili. Akapanda, akashuka,
akasimama kwenye kona ya ngazi akiipima kwa shubiri.
"Nyumba nzuri. Haina magurudumu tu;
siku ukinichoka mimi jirani yako, utahamaje?
Na ngazi hii, Seif, umeipima kwa kupandia.
Hukuipima kwa kushukia."

Mama yake Seif, kikongwe, anaishi juu.
Tonge zikatushinda.

Tukamsusia.
Kususa hatufundishwi, Pemba tunakujua:
salamu haijibiwi, chai haiuzwi,
posa ya mjukuu inarudi na sinia lake.
Mimi nilisusa pia. Saa yangu nikaipeleka Chake.
Taratibu Wete ikawa na adhuhuri tatu,
misikiti miwili na duka la Kombo.

Bi Mtumwa alifariki usiku wa Jumanne, masika yamepamba.
Jeneza lilipanda tupu, limesimamishwa wima, bila taabu.
Likiwa na mtu halisimamishwi.
Pale konani likakwama. Wanaume wanane, jasho, shahada,
plasta inakwanguka, bega la Seif linavuja damu,
na hakuna aliyelitamka neno
tulilokuwa tukilisikia sote.

Nani alimwita, sijui. Alikuja na bisibisi yake ya saa
na nyingine kubwa ya kuazima.
Akaifungua roshani, skrubu moja moja,
akizitia kwenye kofia yake zisipotee,
tukamteremsha Bi Mtumwa kwa kamba za wachumaji karafuu,
hewani, mvua imepumzika kidogo,
pole pole kuliko alivyowahi kubebwa.

Nikamkodolea macho Asaa. Nikangoja.
Wallahi sote tulingoja, na Seif kutuzidi:
aseme tu, atucheke, tumalizane.

Tuliporudi makaburini roshani ilikuwa mahali pake,
haikulegea hata skrubu,
na yeye keshaondoka.

Wiki ya pili nikampelekea saa.
Nikamwambia inachelewa, dakika ishirini, tangu mwaka jana.
Akavaa jicho lake. Akafungua mfuniko kwa kucha.
Akatazama, akatazama,
kisha akanigeuzia mimi jicho lile lile.
"Hii nzima," akasema. "Lete mkono."